Midomo Mia Sita na Diski Pacha

Kama kuna mtu aliyezaliwa kuchukia midomo ya watu, basi ni Fundi Meno. Na kama kuna mtu aliyepangiwa kushinda ndani ya midomo hiyo mpaka azeeke, ni huyo huyo. Miaka thelathini na moja ametengeneza meno ya bandia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chumba chenye dirisha moja, sinki mbili, na vumbi la plasta linalokaa mpaka kwenye kope. Na kila siku ya miaka hiyo amechefuka.

"Mtu anakuja amejipulizia manukato kuanzia barabarani," huwaambia watu huku amekunja pua. "Mwambie afungue mdomo sasa. Ghala limeoza!"

Mtaani walimbandika jina la Bwana Kinyaa, naye hakulikataa. Ananawa mikono kabla ya kukusalimia, akishakusalimia ananawa tena. Milango anaifungua kwa kiwiko. Kikombe chake cha chai kimepakwa rangi ya kucha kwenye kishikio ili asije mtu akakosea, na akikuta kimesogezwa tu, chai hainywi. Lakini kwenye kazi, msicheze naye. Mimi sisifu watu ovyo, maana ukimsifu mtu anavimba kichwa na wewe unabaki na kichwa kidogo. Ila meno ya Bwana Kinyaa yakiingia mdomoni yanakaa kama yaliota humo.

Kazi yenyewe iko hivi. Unakaa kwenye kiti, anakusukumia mdomoni kijiko cha bati chenye umbo la taya, kimejaa tope la waridi. Unatapatapa, macho yanatoka, unafikiria watoto wako. Tope likishaganda analichomoa, anamimina plasta ndani yake, na taya lako linazaliwa upya, jeupe, limekaa mezani bila wewe. Hapo ndipo anapojengea meno. Na kila mteja aliahidiwa jambo moja: "Hilo tope ni mara moja tu maishani. Taya lako ninalitunza mimi. Meno yakivunjika, yakiibwa, yakimezwa na mbwa, njoo tu, sikutii tope tena."

Basi mataya yakajaa. Rafu za chumba cha kazi zikajaa, yakahamia koridoni, yakafika mlango wa chumba cha kulala. Mkewe, ambaye ni mwuguzi mstaafu na ameona mengi, hayo alishindwa kuyazoea.

"Baba," alisema asubuhi moja, "nikitoka kuoga nachekwa na watu mia sita. Au wao, au mimi."

Fundi akanunua kijimashine cha kuzungusha taya mezani na kulipiga picha pande zote, mpaka likaingia lote kwenye kompyuta na tundu zake na mikunjo yake, tayari kuchapwa upya kwa plastiki likihitajika. Miezi minne akapiga picha mataya yote mia sita na kumi na mbili. Halafu mkewe akachukua nyundo. Akayasaga yote, akayamwaga uani kwenye kile kijia cha kwenda chooni kilichokuwa kinajaa matope mvua ikinyesha. Kikawa kijia kizuri mno, kigumu, cheupe. Watu wakipita wanasifia. Fundi yeye hukipita kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo mataya sasa yakawa mafaili. Na mafaili hakuyapa majina ya watu, ila namba. Taya 0001, taya 0002, hivyo hivyo. "Sitaki nikae nakula halafu nikumbuke mdomo wa mtu," alisema. Majina aliyaandika kwenye daftari moja la karatasi, akalifungia kwenye droo. Lishikeni jambo hilo la namba. Ndilo litakalotutia aibu huko mbele.

Kuyahifadhi, alijengewa seva ya nyumbani: sanduku jeusi la kiasi cha kreti ya soda, lenye diski nne na feni, likawekwa juu ya kabati la koridoni ambako mataya yalikuwa zamani. Aliyeijenga ni kaka wa mkewe, shemeji yake, mtu wa duka la kutengeneza simu, ambaye ukimwuliza saa anakujibu kwa gigabaiti. Watu wanamwita Giga. Giga huyo ana kucha ndefu ya kidole kidogo anayofungulia simu, anayochokolea sikio, na anayochotea sukari. Fundi kila akiitazama kucha ile, chakula kinamgomea.

"Shemeji, sikiliza," Giga alisema siku ile ya kuifunga. "Diski nne. Ukiziunganisha zote unapata nafasi ya diski nne. Bahari! Ukizifanya pacha, mbili mbili, unapata nafasi ya diski mbili tu, maana kila kitu kinaandikwa mara mbili."

"Na moja ikifa?"

"Zikiwa zimeunganishwa zote, ikifa moja umelia. Zikiwa pacha, mwenzake anaendelea na kazi, wewe hata hujui."

"Basi pacha."

"Unatupa nusu, shemeji! Diski mbili zinakaa bure kama wageni waliokosa viti."

"Pacha," alisema Fundi. "Na kanawe mikono kabla hujaigusa."

Pacha wa kwanza wakabeba midomo. Pacha wa pili wakapewa familia: picha, video, na makorokoro yote ya nyumbani. Nyumba ikatulia karibu mwaka.

Kisha diski moja ya midomo ikaanza kugonga. Tik, tik, tik, kama mtu anayesaga meno usingizini, sauti ambayo Fundi anaichukia kuliko zote. Akafungua sanduku, na humo ndani akakuta mende. Si mmoja. Walikuwa wamehamia kwenye joto la diski na watoto wao na mayai yao na uchafu wao mweusi kama majani ya chai. Alitoka nje mbio, akashika ukuta, akatapika kwenye kile kijia.

Aliporudi alikuwa amevaa glavu mbili mbili. Akaichomoa ile diski inayogonga, akatia mpya, na kweli bwana, ile pacha iliyobaki ikamnakilia mpya kila kitu, mdomo hata mmoja haukupotea. Alijisifu wiki nzima! Alisimamisha watu barabarani: "Diski imekufa mikononi mwangu, na sikupoteza jino. Jino!" Ile diski ya mende hakutaka hata kuitupa kwenye pipa la nyumbani. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akautupa kwenye ile ndoo.

Hiyo ndoo inabidi niwaeleze, na kama mnakula, wekeni kijiko chini. Mteja akifariki, mara nyingi watu wa nyumbani kwake wanamrudishia fundi meno. Hawajui wayafanye nini. Kuyatupa wanaogopa, kukaa nayo wanaogopa zaidi. Fundi anayapokea kwa koleo, anayatupia kwenye ndoo kavu ya bluu chini ya sinki ya pili, anafunika. Miaka thelathini na moja ya meno ya marehemu. Mkewe hafagii upande ule.

Sasa turudi kwenye pacha wa familia, maana huko kulishaanza kunuka kwa namna nyingine. Nafasi ilijaa. Ilijaa vipi? Fundi alikaa kitako mchana mmoja akafungua aone, na alichokiona kilimkaa kifuani. Maua ya "asubuhi njema" elfu tatu. Picha arobaini na tatu za kidole cha mguu cha mke mkubwa wa Giga, kidole kilichokuwa kimevimba, kilichopigwa kila siku ili daktari aone. Video za watu wasiojulikana wanaanguka kwenye ngazi. Na sinema, sinema, sinema, zote za Giga, nyingine mara mbili, nyingine nusu.

"Hili ni jalala," alisema Fundi. "Nimenunua diski nne kutunza jalala. Tena kwa pacha! Kila takataka ina nakala yake!"

Kikaitwa kikao mezani. Mke, Giga, na Fundi.

"Tuvunje pacha zote," Giga alisema. "Tupate nafasi mara mbili leo leo."

"Midomo haiguswi."

"Basi kuna njia ya kati. Diski tatu zibebe mizigo, ya nne ibebe hesabu ya kuwafufua wenzake. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinakaa chini, zinapiga hesabu, zinaitengeneza upya."

Fundi alifikiria. Msimdharau, hakusoma sana lakini anajua vitu vinavyozeeka. "Hizi diski zilitoka boksi moja?"

"Moja."

"Siku moja?"

"Siku moja. Kasoro ile mpya."

"Nimeng'oa meno ya watu, mimi. Yaliyoota pamoja yanaoza pamoja. Moja ikifa, hao wazee wenzake ndio uwatwishe kazi ya kufufua? Watakufa juu ya maiti." Akanyanyua kikombe chake. "Vunjeni pacha wa familia. Kila diski ijitegemee, mpate nafasi mara mbili, na ikifa moja mtalilia vidole vyenu. Midomo inabaki pacha. Mtu mmoja asiniambie tena habari ya nafasi."

Mke aliridhika. Giga aliridhika miezi mitatu, kisha akajaza zote mbili.

Jumamosi moja asubuhi, Shangazi akabisha hodi.

Huyu ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ndiye mtu pekee duniani ambaye mdomo wake haumchefui. Ni mwimbaji wa kikundi cha akina mama cha mtaa, sauti ya kwanza, na ana maneno makali. Lakini mwaka huo kiungo cha taya kilimgomea. Hospitali walimwambia ndivyo kitakavyokaa: mdomo wake haufunguki tena zaidi ya upana wa vidole viwili. Meno yake aliyaingiza kwa kuyageuza ubavu. Kijiko cha bati chenye tope hakigeuzwi ubavu.

Akafungua kitambaa. Meno ya juu yalikuwa vipande vitatu.

"Nimekalia," alisema, midomo imeingia ndani kama mfuko uliofungwa kamba. "Usinicheke. Nilikuwa nimeyaweka kwenye kiti."

"Shangazi, meno kwenye kiti?"

"Nimekwambia usinicheke! Wiki nzima nakunywa uji, mwanangu. Uji asubuhi, uji jioni. Uji unanikinaisha mpaka nausikia kwenye ndoto. Na kikundini nimeambiwa nikae nyuma, nipige makofi. Mimi! Mbele amewekwa yule mwenye sauti ya debe."

"Tulia. Taya lako ninalo. Nimelitunza mara mbili, Shangazi, mara mbili! Hata diski moja ilikufa mwaka jana, sikutikisika. Wiki ijayo unauma karoti."

Akaingia ndani kwa maringo, akafungua kompyuta. Daftari: Shangazi, namba 0088. Folda ya midomo. Akabonyeza.

Sinema.

Akatafuta juu, akatafuta chini. Sinema. Watu na bastola. Akaiendea ile pacha, diski ya pili, kwa ule uhakika wa mtu mwenye ufunguo wa akiba mfukoni. Akaichungulia peke yake. Sinema zile zile, kwa mpangilio ule ule.

Akampigia Giga simu, na Giga akaja akiwa na mkate mkononi.

"Zile namba namba?" alisema. "Shemeji, nilizijaribu kwenye simu hazifunguki! Taya sijui nini, sifuri sifuri. Nikajua ni uchafu wa mashine. Nikafuta wiki mbili zilizopita, nikapata nafasi safi kabisa. Nilitaka nikushtukize."

"Lakini ni pacha!" Fundi alipiga kelele. "Kila kitu mara mbili! Ya pili iko wapi?"

Giga akaacha kutafuna. "Shemeji... pacha anafanya anachofanya mwenzake. Ukiandika huku, anaandika. Ukifuta huku..." Akautazama mkate wake. "Anakulinda diski ikifa. Hakulindi na mtu."

"Hanilindi na wewe."

"Na mimi, ndiyo. Na kufufua haiwezekani, juu yake zimeshakaa sinema."

Fundi alimtazama: makombo kwenye kidevu, ile kucha ndefu imechomekwa kwenye siagi ya ule mkate. Kichefuchefu kilimpanda kutoka miguuni. Kilianzia kwa Giga, kikapita kwenye lile sanduku jeusi linalonguruma kwa utii wa kijinga, kikaja kumkalia mwenyewe, pale pale. Nani aliyeandika namba badala ya majina, eti chakula kisimchefue? Nani aliyetembea mtaani akijisifu kwamba ana viwili, kumbe alikuwa na kimoja chenye kivuli? Alitoka nje, akasimama juu ya kijia cheupe. Taya la Shangazi lilikuwa hapo chini ya viatu vyake, mahali fulani kati ya jikoni na choo, unga mtupu.

Mkewe alimfuata. Mwuguzi hapotezi maneno. "Ile ya mende," alisema.

"Ipi?"

"Diski ya mende. Uliyoitoa kabla huyu hajafuta. Hiyo hakuna aliyeiambia ifute."

Rangi ilimtoka Fundi. Aliikumbuka ilipo.

Koleo haikufaa, mfuko ulikuwa umezama chini kabisa na fundo lilishalegea. Glavu zilikuwa zimekwisha. Giga alijitolea, Fundi akaitazama ile kucha, akasema hapana, ikivunjika humo nitahama nyumba. Akakunja mkono wa shati mpaka kwapani. Akafumba macho. Akaingiza mkono mtupu katika miaka thelathini na moja ya meno ya marehemu, na nyumba nzima ikamsikia. Hakulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeimba vibaya kwa kukusudia. Yalimng'ata vidole, meno ya wakubwa kwa wadogo, wengine alikuwa akiwajua. Shangazi, aliyekaa kwenye kiti cha wateja, aliuliza, "Anachinjwa?"

Akaupata mfuko. Mende walikuwa wamekufa wamekauka, mayai yamebaki maganda. Giga akaifuta diski kwa pamba na spiriti, akaichomeka kwenye kompyuta, na wote wanne wakainamisha vichwa.

Tik. Tik. Tik. Halafu ikazunguka.

"Inasoma," Giga alinong'ona. "Lakini shemeji, hii ni mgonjwa wa mwisho mwisho. Inaweza kwenda saa, inaweza kwenda dakika. Tukisema nakili zote, itaanza mwanzo na kwenda kwa zamu. Unataka ipi kwanza?"

Midomo mia sita na kumi na mbili iliyoahidiwa. Fundi hakufungua hata daftari.

"0088."

Ikaja polepole, mstari wa kijani ukitambaa kama konokono. Ikafika. Fundi akaifungua papo hapo, taya likazunguka kwenye skrini pamoja na kile kibonde kidogo cha upande wa kushoto alichokijua tangu alipokuwa anatafuniwa chakula na mdomo huo. "Ndiyo yeye," alisema. Shangazi akasogeza uso kwenye skrini. "Mbaya hivyo?" akauliza.

"Sasa zote," Fundi aliamuru, "na hizo sinema zako zitoe, maana hazina pa kukaa."

"Zote?"

"Zote! Na vidole na maua!"

Giga alifuta kwa mkono wake mwenyewe. Diski ya mende iliendelea kutema midomo mmoja mmoja mpaka jua likageuka upande wa pili wa dirisha. Kwenye mia tatu themanini na tisa iligonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza, haikuamka tena.

Midomo mia mbili ishirini na tatu ilipotea. Fundi aliihesabu kwenye daftari, akaitia alama kila mmoja, na Jumatatu akaanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, waliobaki hai, kuwaambia kwa kinywa chake kwamba ile ahadi ya tope mara moja ameivunja. Aliyebeba ndoo ya tope nyuma yake ni Giga. Kucha alikuwa ameikata. Mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori, aliposikia habari alimtazama Fundi juu mpaka chini, akasema, "Wewe uliyenisimamisha barabarani? Jino hata moja?" Fundi akainama, akachanganya tope.

Seva nayo ilipangwa upya. Midomo ilibaki pacha, ila sasa kila faili lina jina la mtu, hata kama chakula kinamgomea. Diski moja ya familia ilichomolewa kabisa, ikanakiliwa midomo yote, ikawekwa mbali na seva, mbali na Giga, mbali na mende. Familia ikabaki na diski moja tu: nafasi nusu ya ile iliyoitwa haitoshi. Giga alifungua mdomo aseme neno juu ya nafasi. Akaufunga.

Na hiyo diski ya mbali inakaa kwa Shangazi, ndani ya bati la vifungo, kabatini. Kila mwanzo wa mwezi Fundi anakwenda kuichukua, anaijazia midomo mipya, anairudisha. Safari ya kwanza alikuta Shangazi amekaa mlangoni na karoti, anauma kwa kelele makusudi ili majirani wasikie. Kikundini alikuwa amerudishwa mbele.

"Yanakaa vizuri?" Fundi aliuliza.

"Yanakaa. Ila ya kwanza yalikuwa meupe zaidi." Akachukua diski, akaigeuza geuza. "Yaani mimi niko humu?"

"Uko humu, Shangazi."

"Peke yangu?"

"Wewe na watu wengine mia nne na kitu."

Akaacha kutafuna. "Yule mwenye sauti ya debe naye yumo?"

"Yumo. Ni mteja."

Shangazi aliishika diski kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza mbali na mwili wake, uso umekunjamana vile vile kama wa mtoto aliyemlea.

"Kwenye kabati langu? Na mdomo ule?" alisema. "Toa. Tafuta nyingine ya kwake."

"Shangazi, nafasi ipo tele, hamtagusana."

"Sijakuuliza nafasi," alisema Shangazi, akaingia ndani kunawa mikono.